Damu Ndani ya Fuvu: Kile Ultrasaundi ya Mkononi Inachoweza Kuonesha Kabla ya Hospitali

Tunduma ni mji wa foleni. Malori yaendayo Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hujipanga kuelekea mpakani, ng'ambo ni Nakonde, na katikati ya malori hayo hupenya bodaboda, mikokoteni na watembea kwa miguu. Vituo vya afya vilivyo karibu na barabara kuu ya TANZAM hupokea usiku wagonjwa wa namna mbili ambao, kwa kuwatazama, hawafanani kabisa. Wa kwanza ni kijana aliyeanguka na pikipiki bila kofia ngumu: alizimia dakika chache, akaamka, sasa anazungumza lakini anarudia swali lilelile. Wa pili ni dereva wa makamo aliyekutwa ameegemea usukani, mdomo umepinda, mkono wa kulia haunyanyuki, na presha yake ni 220 kwa 130. Wote wawili huenda wana damu inayovuja ndani ya fuvu. Huenda pia hawana.

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua safari. Kutoka Tunduma hadi Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni kilomita zipatazo 40. Hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ni kilomita 100 na ushei, kwa barabara yenye miteremko mikali na malori mengi mazito. Hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, ambako upasuaji wa ubongo umejengeka kwa miaka mingi, ni zaidi ya kilomita 900. Aliyeumia Kamsamba, kwenye bonde la Momba, au katika machimbo ya dhahabu ya Wilaya ya Songwe, huanza safari hiyo akiwa mbali zaidi, na mara nyingi kwa barabara ya vumbi.

Katika miaka ya karibuni vifaa vya ultrasaundi vimepungua ukubwa hadi kuweza kutiwa mfukoni na kuunganishwa na simu janja. Ndipo lilipozaliwa wazo linalojadiliwa hapa: kwamba mhudumu wa kituo cha afya, au aliyemo ndani ya gari la wagonjwa, anaweza kutazama ndani ya kichwa kabla mgonjwa hajafika penye mashine ya CT. Wazo hilo lina ukweli ndani yake. Lina hatari pia, na hatari hiyo ni kubwa kuliko inavyosemwa na wauzaji wa vifaa.

Sanduku lisilotanuka

Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu iliyomo katika mishipa yake, na maji ya ubongo. Kimoja kikiongezeka, vingine havina budi kupungua. Damu inapoanza kuvuja, mwili hujitetea kwa kusukuma sehemu ya maji ya ubongo kuelekea kwenye uti wa mgongo, na damu ya vena kutoka nje ya fuvu. Wakati huo mgonjwa anaweza kuzungumza, kuulizia simu yake, hata kudai arudishwe nyumbani. Nafasi hiyo ya akiba ikiisha, mililita chache zinazoongezeka hupandisha shinikizo kwa ghafla. Ubongo husogezwa upande, kisha husukumwa chini kuelekea tundu ambalo uti wa mgongo hutokea. Hapo mboni ya jicho moja hupanuka, mapigo ya moyo hupungua, presha hupanda, na pumzi huanza kukatika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni damu inayokusanyika kati ya mfupa wa fuvu na utando mgumu wa ubongo. Mfupa wa panja, ulio mbele na juu kidogo ya sikio, ni mwembamba kuliko sehemu nyingi za fuvu, na kwa ndani yake hupita ateri. Pigo la upande wa kichwa huweza kuvunja mfupa huo na kuichana ateri hiyo. Mgonjwa huzimia kwa muda mfupi, huamka, huonekana mzima kwa saa moja au zaidi, kisha husinzia. Wako waliofia katika usingizi huo, ndugu wakidhani amechoka au amelewa. Donge la namna hii likiondolewa mapema, mgonjwa huweza kurudi karibu kama alivyokuwa, kwa kuwa mara nyingi ubongo wenyewe haukujeruhiwa sana. Likicheleweshwa, huua. Ni dharura chache za upasuaji ambazo saa mbili hubeba uzito mkubwa kama hapa.

Damu iliyo chini ya utando mgumu hutoka hasa kwenye vena, na ikija kwa ghafla huambatana na majeraha ya ubongo wenyewe. Kwa wazee, na kwa watu waliokunywa pombe kwa miaka mingi, huweza kujikusanya polepole kwa wiki kadhaa baada ya kujigonga kidogo ambako hakuna anayekukumbuka. Aina ya tatu ni damu inayomwagika ndani ya nyama ya ubongo, na hii ndiyo huitwa kiharusi cha kuvuja damu. Chanzo chake kikuu ni shinikizo la juu la damu lililoachwa bila tiba. Dereva anayekaa foleni siku kadhaa mbali na kliniki yake, vidonge vimekwisha, yumo katika hatari hiyo.

Macho hayatoshi

Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika Wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, ulionesha kuwa, umri ukisawazishwa, watu wapatao 109 kati ya kila 100,000 walipata kiharusi kwa mara ya kwanza kila mwaka huko Hai, na watu 316 huko Dar es Salaam. Idadi hii ya pili ni kubwa hata ikilinganishwa na nchi tajiri. Kiharusi si ugonjwa wa wengine.

Ni muhimu kutambua kwamba kiharusi cha mshipa ulioziba na kile cha mshipa uliopasuka huweza kuonekana sawasawa kwa nje. Mdomo hupinda, upande mmoja hulegea, maneno hupotea. Ni kweli kwamba maumivu makali ya kichwa, kutapika, kupoteza fahamu haraka na presha ya juu sana huashiria damu zaidi kuliko kuziba. Lakini dalili hizo hazitoshi kumwezesha tabibu, awe hodari namna gani, kuchagua tiba. Na tiba zake hupingana. Aspirini inayomfaa mwenye mshipa ulioziba inaweza kumzidishia damu aliyepasukiwa.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 2024, yalipochapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa China. Wagonjwa 2,404 walioshukiwa kuwa na kiharusi waligawanywa makundi mawili wakiwa ndani ya magari ya wagonjwa: kundi moja likashushiwa presha palepale, jingine likasubiri hadi hospitalini. Kwa ujumla hapakuonekana tofauti. Picha ziliposomwa na wagonjwa kutenganishwa, ikabainika kwamba waliokuwa na damu inayovuja walinufaika, na waliokuwa na mshipa ulioziba walidhurika. Dawa ni ileile, na wakati ni uleule. Kilichokosekana ndani ya gari ni kujua tu mgonjwa yupi ni yupi.

Ujerumani ilijaribu kulitatua tatizo hilo kwa kuiweka mashine ya CT ndani ya gari la wagonjwa. Gari la kwanza la aina hiyo lilianza kazi Homburg, jimbo la Saarland, mwaka 2008. Ni suluhisho zuri kwa mji wenye lami, umeme na fedha. Kwa barabara ya Kamsamba halifai hata kujadiliwa.

Sauti ipitayo kwenye panja

Ultrasaundi si mionzi. Ni sauti ya juu mno isiyosikika kwa sikio la binadamu. Kitambuzi, yaani kile kipande kinachoshikwa mkononi na kupitishwa juu ya ngozi, huituma mwilini na kupokea mwangwi wake. Haina maumivu na inaweza kurudiwa mara nyingi. Adui yake ni mfupa, kwa kuwa mfupa huzuia na kutawanya sauti. Kwa mtoto mchanga hilo si tatizo kubwa: utosi bado haujafunga, na kupitia hapo daktari huona vyumba vya maji ya ubongo na damu iliyovujia humo kwa uwazi unaoridhisha. Kwa mtu mzima mlango uliobaki ni panja, mahali palepale ambapo uwembamba wa mfupa huiweka ateri hatarini. Udhaifu wa fuvu ndio unaompa mpimaji nafasi.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1950 bingwa wa upasuaji wa ubongo wa Sweden, Lars Leksell, alitumia mwangwi wa ultrasaundi kutambua kwamba mstari wa kati wa ubongo wa majeruhi umesogea. Njia hiyo ilitumika hospitalini hadi CT ilipokuja. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT nchini Uingereza mwezi Oktoba 1971, na kwa yeyote aliyeweza kuipata CT, mwangwi wa Leksell ukawekwa kabatini. Linalofanyika sasa ni kuutoa kabatini kwa ajili ya wale ambao CT bado iko mbali nao.

Kitambuzi kinachofaa ni cha mawimbi ya chini, kati ya megahezi 1 na 3, kile kinachotumika kupima moyo. Kile kilichopinda cha kupimia wajawazito, ambacho ndicho kinachopatikana zaidi katika vituo vyetu, kina uso mpana kuliko panja. Kwa baadhi ya watu hutoa picha, lakini hafifu. Mgonjwa hulazwa chali, shingo ikiwa imetulizwa kama kuna shaka ya jeraha la uti. Jeli hupakwa mbele ya sikio, juu ya mfupa wa shavu, na kitambuzi huelekezwa moja kwa moja upande wa pili. Dalili ya kwanza ya kuwa picha ni sahihi ni kuliona fuvu la upande wa pili likiwa mstari mweupe uliopinda, kina cha sentimita 14 hivi. Asiyeliona asiendelee kutafsiri lolote.

Katikati ya picha kuna mistari miwili myeupe iliyo sambamba, na kati yake ufa mweusi mwembamba. Hicho ni chumba cha tatu cha maji ya ubongo, na kwa mtu mwenye afya hukaa katikati ya kichwa. Mpimaji hupima umbali kutoka kwenye kitambuzi hadi katikati ya chumba hicho, kwanza kwa upande wa kulia, kisha wa kushoto. Hutoa namba ndogo katika kubwa na kugawa kwa mbili. Tuseme upande wa kulia umetoa milimita 74 na wa kushoto milimita 62: tofauti ni 12, nusu yake ni 6. Ubongo umesogea milimita 6 kutoka kulia kwenda kushoto, na kinachousukuma kiko kulia. Mabingwa wa upasuaji huchukulia kusogea kwa zaidi ya milimita 5 kutokana na damu iliyo chini ya utando mgumu kuwa sababu ya kufungua fuvu, hata kama donge lenyewe ni jembamba. Kwa hiyo namba hiyo moja, ikipatikana Tunduma, ina maana kubwa kwa daktari anayeisikia Mbeya.

Damu yenyewe pia huweza kuonekana. Katika siku za mwanzo damu iliyomwagika ndani ya nyama ya ubongo hutokea kama wingu jeupe kuliko ubongo unaolizunguka. Siku zikipita, katikati yake huanza kuwa nyeusi. Donge kubwa chini ya mfupa huweza kuonekana kama ukanda kati ya fuvu na ubongo, lakini kwa upande wa mbali na kitambuzi tu, kwa sababu sentimita za kwanza chini ya kitambuzi hufunikwa na mwangwi wa mfupa wenyewe. Ndiyo maana upimaji wa upande mmoja haukubaliki.

Jicho ni mlango wa pili. Mshipa wa fahamu wa jicho umevikwa ala, na ala hiyo imeungana na tando za ubongo; shinikizo likipanda ndani ya fuvu, maji ya ubongo huingia katika ala na kuivimbisha. Hupimwa kwa kitambuzi cha mawimbi ya juu, kope zikiwa zimefungwa, jeli nyingi, nguvu ya mashine imepunguzwa, na mkono haukandamizi jicho hata kidogo. Upana wa ala hupimwa milimita 3 nyuma ya tufe la jicho, kwa macho yote mawili. Kwa mtu mzima, upana unaozidi milimita 5 huleta shaka, na ukifika 6 shaka huwa nzito. Lakini kosa la nusu milimita hugeuza jibu, na mkono usiozoea hukosea kwa zaidi ya hapo. Jicho lililopasuka au linaloshukiwa kupasuka lisiguswe kabisa.

Jibu la upande mmoja

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Ultrasaundi ya kichwa hujibu kwa upande mmoja. Ikionesha mstari wa kati umesogea, au wingu jeupe ndani ya ubongo, taarifa hiyo ina thamani na inapaswa kubadilisha mwendo wa mambo. Isipoonesha chochote, haijasema chochote. Mgonjwa anabaki na hatari ileile aliyokuwa nayo kabla jeli haijapakwa.

Sababu ziko nyingi. Damu iliyoko nyuma ya kichwa, karibu na ubongo mdogo, haionekani kwa kupitia panja. Damu iliyotandaa juu ya uso wa ubongo baada ya mshipa uliovimba kupasuka haionekani. Madonge madogo hayaonekani. Madonge ya pande zote mbili yanaweza kusukumana na kuuacha mstari wa kati mahali pake, mgonjwa akiwa katika hali mbaya. Na kuna wale ambao mfupa wao hauruhusu sauti kupita: tafiti nyingi huwakadiria kuwa mtu 1 hadi 2 kati ya 10, na zimeonesha kwamba tatizo hili huwapata zaidi wazee, wanawake, na watu wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu. Sehemu kubwa ya takwimu zinazosifu kipimo hiki zilikusanywa nje ya bara hili, katika hospitali kubwa na kwa mikono yenye uzoefu. Mtu asizihamishie Songwe kama zilivyo.

Hatari inayotajwa hapa, basi, ni ya picha safi inayoaminiwa. Kijana wa bodaboda anapimwa, skrini haioneshi kitu, ndugu wanaambiwa kichwa kiko salama, na saa nne baadaye haamshiki. Au dereva mwenye mdomo uliopinda anapimwa, damu haionekani, na mtu anampa aspirini. Hakuna picha ya ultrasaundi inayoruhusu aspirini kwa mwenye kiharusi. Ruhusa hiyo hutolewa na CT. Mahali ambapo mafunzo hayajafika kiasi cha wahudumu kulielewa jambo hili bila kusita, ni afadhali kifaa kibaki kazini kwake kwa wajawazito, na majeruhi wa kichwa apelekwe kwa dalili zake.

Dalili zenyewe bado zina nguvu. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichoanzishwa mwaka 1974 na kisichohitaji betri, kikishuka kwa alama 2 katika nusu saa hueleza zaidi ya picha nyingi. Mboni zisizolingana, kutapika mara kwa mara, degedege baada ya pigo, damu au maji yanayotoka sikioni: mwenye mojawapo ya hayo anahitaji CT, ultrasaundi iseme iwavyo.

Yanayobadilika barabarani

Kipimo kinachofaa kuchukua nafasi katika safari ni kile kisichoichelewesha. Dakika tatu zinatosha, na zipatikane wakati dereva wa gari la wagonjwa anatafutwa au mafuta yanajazwa. Gari likianza kwenda, picha huyumba. Foleni ya mizani au kizuizi cha barabarani huweza kutumika kurudia. Kabla ya picha hiyo huja njia ya hewa, oksijeni na presha. Mtu mzima mwenye jeraha la kichwa ambaye presha yake ya juu imeshuka chini ya 100, au oksijeni yake chini ya asilimia 90, anapoteza ubongo kila dakika, na hakuna skrini itakayoyarudisha hayo. Kichwa kiinuliwe nyuzi 30, mgonjwa akiwa amelala juu ya ubao ulionyooka kama uti una shaka.

Picha yenye dalili hubadilisha mambo matatu. La kwanza ni mwelekeo. Mgonjwa mwenye mstari wa kati uliosogea asipelekwe, kwa mazoea tu, kwenye hospitali isiyoweza kumpiga CT wala kumfungua fuvu, isipokuwa pumzi yake inalazimisha kusimama. Serikali imesambaza mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa, jambo ambalo limefupisha safari za wengi. Hata hivyo simu ipigwe kabla ya kuondoka, kwa sababu swali si kama mashine ipo, bali ni kama inafanya kazi usiku huu na kama yupo wa kuiendesha. La pili ni maandalizi: chumba cha upasuaji, damu, na mtaalamu wa usingizi huweza kuitwa mgonjwa akiwa bado Mlowo. La tatu ni nani anayepanda gari kwanza, iwapo ajali imeleta majeruhi sita na gari ni moja. Katika mikoa ya mpakani hili la tatu halina budi kupewa uzito wake. Ajali ya basi dogo na lori haiulizi ratiba ya magari ya wagonjwa.

Katika nyanda za juu za Uskoti, ambako vijiji viko mbali na hospitali, watafiti wamejaribu kutuma picha za ultrasaundi za kichwa kutoka ndani ya gari la wagonjwa kwa njia ya setilaiti, ili mtaalamu aliye hospitalini azisome mgonjwa akiwa njiani. Funzo lake kwa Songwe ni mgawanyo wa kazi: mhudumu wa kijijini hutafuta picha, na mwenye uzoefu wa kusoma yuko kwingine. Mtandao wa simu wa kando ya barabara kuu unatosha kutuma picha ya video ya sekunde kumi. Kenya nayo, kuanzia mwaka 2022, iliendesha mpango wa kuwapa wahudumu 500, wengi wao wakunga, vifaa vya mkononi vya ultrasaundi pamoja na mafunzo. Lengo lake lilikuwa ujauzito, lakini mpango huo unaonesha kuwa kifaa na mafunzo vinaweza kumfikia mhudumu wa ngazi ya chini kwa pamoja, na kifaa kikifika bila mafunzo huishia kabatini au, vibaya zaidi, kazini.

Kuhusu dawa, mambo machache ni ya hakika. Asidi ya traneksamiki, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia, imeonesha kupunguza vifo kwa majeruhi wa kichwa wa kiwango cha chini na cha kati. Huu ndio ujumbe wa utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000. Gramu 1 hutolewa kwenye mshipa kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Haihitaji kusubiri ultrasaundi. Deksamethasoni na jamii yake zisitolewe kwa jeraha la kichwa: utafiti wa mwaka 2004 wenye wagonjwa zaidi ya 10,000 ulionesha kuwa huongeza vifo, na inashangaza kwamba bado dawa hizo huonekana kwenye barua za rufaa. Kushusha presha ya mwenye kiharusi kabla ya CT kusifanywe kwa kutegemea picha safi ya ultrasaundi, wala kwa kukisia.

Mjamzito au mzazi wa karibuni mwenye degedege, maumivu makali ya kichwa na presha ya juu hutibiwa kwanza kwa magneziamu na kushushiwa presha kama miongozo ya kifafa cha mimba inavyosema. Naye huweza kuvuja damu ubongoni, na asipozinduka kama inavyotarajiwa anahitaji CT. Kwake yeye usafiri wa dharura hupatikana kwa kupiga 115, namba ya mfumo wa m-mama.

Barua ya rufaa au simu inayotangulia itaje saa ya ajali au saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, alama za Glasgow za mwanzo na za sasa, hali ya mboni zote mbili, presha, dawa zilizotolewa na saa zake. Ultrasaundi ikitajwa, ziandikwe namba za pande zote mbili, na kama panja halikuruhusu kuona, liandikwe hilo waziwazi: "haikuonekana" ni tofauti na "ni salama."

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Ndugu wana haki ya kuuliza kipimo kilichofanyika ni kipi. Eksirei ya kichwa huonesha mfupa na haioneshi damu. Ultrasaundi huonesha baadhi ya damu. CT ndiyo inayoamua. Mhudumu akisema mgonjwa aende Mbeya ingawa "picha haikuonesha kitu", hajajichanganya. Amekielewa kifaa chake.

Majeruhi asipewe chakula wala kinywaji, asipewe aspirini wala dawa ya kulalia, na asiachwe alale peke yake kwa kudhaniwa amelewa. Harufu ya pombe haiondoi uwezekano wa damu kichwani, huuficha tu. Fomu ya polisi, PF3, inaweza kufuata baada ya huduma ya dharura. Mtu asikae kituoni polisi akiisubiri huku fahamu zinapotea. Kwa msafiri mgeni, dereva wa Zambia au Kongo asiye na ndugu karibu, mwenzake wa foleni ndiye anayejua alianguka saa ngapi na anatumia dawa gani. Huyo apande gari pamoja naye au atoe namba yake ya simu.

Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kuumia kichwa awe na mtu wa kumwangalia kwa saa 24 za mwanzo, na aamshwe usiku walau mara mbili au tatu kuulizwa jina lake na mahali alipo. Maumivu yanayozidi, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, udhaifu wa upande mmoja au degedege ni sababu ya kurudi usiku huohuo. Mzee, au mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aangaliwe kwa wiki nne hadi sita: akianza kusahau, kuyumba au kubadilika tabia, kituoni atajwe kwanza kwamba aliwahi kujigonga, hata kama ni kwenye mlango wa chooni.